Robert Koch: Bingwa wa vijidudu aliyeshindwa na malale Ziwa Victoria

*Dawa yake ilisafisha damu, ikashindwa kufika kwenye ubongo
*Wagonjwa 22 walipofuka visiwani Ssese

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MWAKA 1906, mzee wa miaka 62 aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka mmoja tu kabla, aliwasili Mwanza akiwa na hadubini, mahema na shehena ya dawa nyeupe ya unga. Alikuwa Robert Koch, daktari wa Kijerumani ambaye wakati huo hapakuwa na mwenzake aliyemzidi umaarufu katika elimu ya vijidudu. Kilichomleta ni ugonjwa wa malale, uliokuwa ukiteketeza watu katika mwambao wa kaskazini na magharibi wa Ziwa Victoria.

Aliondoka mwaka uliofuata akiamini kwamba amepata dawa. Alikuwa amekosea. Kosa lake, ambalo liliwagharimu macho baadhi ya wagonjwa visiwani Ssese na kuacha kambi ya matibabu huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ni miongoni mwa sura zisizosimuliwa sana katika maisha yake. Hata hivyo, ni sura yenye somo kubwa kwa watafiti wa leo wanaohangaika na swali lilelile lililomshinda: dawa inayoweza kuua kimelea itafikishwaje mahali kimelea kilipojificha, bila kumuumiza mgonjwa njiani?

Mtoto wa mji wa machimbo

Heinrich Hermann Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, katika ufalme wa Hanover. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi mwenye familia kubwa, na watoto walikuwa 13. Mwaka 1862 Koch alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, mwanazuoni aliyekuwa akishikilia kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno, wakati ambapo wengi waliona jambo hilo kuwa ndoto. Alihitimu udaktari mwaka 1866.

Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, wakajaliwa binti mmoja, Gertrud. Baada ya kuhudumu kama daktari wa kujitolea katika vita kati ya Prussia na Ufaransa, aliajiriwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Huko, mbali na vyuo vikuu na maktaba, alijitengenezea maabara ndani ya nyumba yake akitumia hadubini aliyopewa na mkewe. Mchana alitibu wakulima. Saa za mapumziko alichunguza damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta.

Mwaka 1876 alipeleka matokeo yake kwa Profesa Ferdinand Cohn huko Breslau. Kwa mara ya kwanza, mtu alikuwa amefuatilia maisha ya bakteria mmoja kwa ukamilifu na kuonyesha kwamba bakteria huyo ndiye chanzo cha ugonjwa fulani. Daktari wa mashambani akawa gumzo la wanasayansi.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin katika Ofisi ya Afya ya Dola. Alibuni namna ya kuotesha bakteria juu ya vyakula vigumu badala ya supu, akaboresha upakaji wa rangi na upigaji wa picha za vijidudu. Machi 24, 1882 alitangaza kwamba amekipata chanzo cha kifua kikuu. Katika miaka ya 1883 na 1884 alisafiri hadi Misri na Calcutta, India, akabainisha bakteria wa kipindupindu.

Doa la tuberkulini

Lakini umaarufu ulikuja na mzigo wake. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu, akakiita tuberkulini, huku akikataa kueleza kimetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya. Baada ya miezi michache ilibainika kwamba dawa hiyo haikuwaponya, na baadhi yao walizidiwa na kufa. Tuberkulini ikaja kubaki na kazi nyingine yenye manufaa, ya kupimia maambukizi, lakini kama tiba ilianguka.

Pigo hilo, pamoja na talaka ya mwaka 1893 na ndoa yake na Hedwig Freiberg aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, lilimpunguzia heshima jijini Berlin. Kuanzia mwaka 1896 akawa mtu wa safari. Alikwenda Afrika Kusini kuchunguza sotoka ya ng'ombe, kisha Bombay kulikokuwa na tauni, na mwaka 1897 akaingia Dar es Salaam, makao makuu ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Panya wa Kiziba

Akiwa Dar es Salaam alishughulika na malaria na magonjwa ya mifugo. Ndipo habari zilipotoka mbali, upande wa pili wa koloni, kwamba katika ufalme wa Kiziba watu walikuwa wakifa kwa maradhi ya kuvimba mitoki. Mji wa Bukoba wakati huo ulikuwa na umri wa miaka michache tu. Boma lake lilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Daktari wa jeshi aitwaye Zupitza alitumwa Kiziba, akachukua vielelezo kutoka kwa wagonjwa na kuvituma pwani. Mwaka 1898 Koch alithibitisha kwamba ilikuwa tauni, ugonjwa uleule aliouona Bombay.

Kilichomvutia zaidi katika taarifa zile ni maarifa ya wenyeji. Watu wa Kiziba, waliouita ugonjwa huo rubwunga, walikuwa wakijua tangu zamani kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, zamu ya binadamu inakaribia, hivyo wakihama makazi yao kwa muda. Mwaka huohuo, huko Karachi, Mfaransa Paul-Louis Simond alifikia hitimisho kwamba kiroboto wa panya ndiye anayepeleka tauni kwa binadamu. Wakulima wa migomba wa kaskazini mwa Bukoba walikuwa wameshaiona sehemu ya kwanza ya ukweli huo bila hadubini.

Koch alirejea Afrika Mashariki mwaka 1905, safari hiyo akichunguza, pamoja na mengine, homa ya papasi iliyowasumbua wasafiri katika njia za misafara. Alionyesha jinsi papasi anavyobeba vijidudu na kuvirithisha kwa mayai yake. Mwishoni mwa mwaka huo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Angeweza kupumzika. Badala yake, serikali ya Ujerumani ilimwomba aongoze ujumbe wa kupambana na malale, naye akakubali.

Maangamizi ya mwambao

Malale yalikuwa yameanza kuonekana kwa kishindo huko Busoga na Buganda kuanzia mwaka 1900. Mgonjwa alianza kwa homa na kuvimba tezi za shingo, akafuata na maumivu ya kichwa, kuchanganyikiwa, usingizi wa mchana na kukesha usiku, mwisho akadhoofika na kufa. Mwaka 1903, kazi ya Aldo Castellani na David Bruce huko Entebbe ilionyesha kwamba chanzo ni kimelea aina ya tripanosoma na kwamba mbebaji wake ni mbung'o. Makadirio yanayotumika sana yanataja watu wapatao 250,000 waliokufa katika eneo hilo kati ya mwaka 1900 na 1920.

Ujumbe wa Koch ulikuwa na madaktari kadhaa, akiwamo Friedrich Karl Kleine na Robert Kudicke. Mwanza hawakukuta wagonjwa wengi wa kutosha kwa uchunguzi. Waingereza wakawakaribisha Ssese, visiwa vya Uganda vilivyokuwa vimeathirika vibaya, na kuanzia Agosti 1906 Koch akapiga kambi katika kisiwa cha Bugala.

Maisha ya kambini hayakuwa ya raha. Mzee huyo mashuhuri aliishi katika makazi ya muda na kusumbuliwa na funza walioingia miguuni. Habari zilipoenea kwamba kuna daktari anayetibu malale, watu walifika kwa mitumbwi na kwa machela, baadhi wakibebwa na ndugu zao wakiwa hawajitambui. Idadi ya waliotibiwa ilizidi 1,000.

Dawa iliyodaiwa kutokuwa sumu

Dawa aliyoitumia iliitwa Atoxyl. Jina hilo lilitungwa likiwa na maana ya kitu kisicho na sumu, kwa kuwa ilionekana kuwa na madhara madogo kuliko michanganyiko mingine ya arseniki. Ilikuwa imetengenezwa kwa mara ya kwanza Ufaransa katika karne ya 19 na kemia Antoine Béchamp, lakini ni mwaka 1905 ambapo watafiti wa Liverpool, Wolferstan Thomas na Anton Breinl, walionyesha kwamba inaweza kuua tripanosoma ndani ya wanyama.

Matokeo ya kwanza ya Ssese yalifurahisha. Koch alichoma sindano ya nusu gramu siku mbili mfululizo, akarudia baada ya siku saba hadi kumi. Ndani ya saa chache vimelea vilitoweka katika majimaji ya tezi. Watu waliokuwa wamelala hoi waliamka, wakala, wakatembea. Koch aliandika Berlin kwa matumaini makubwa, akiilinganisha nafasi ya Atoxyl katika malale na ile ya kwinini katika malaria.

Kisha wagonjwa wakaanza kurudi. Wengine, ambao damu yao ilikuwa safi, waliendelea kusinzia na kudhoofika kama kwamba hawakutibiwa kabisa. Koch alijibu kwa namna ambayo daktari mwenye dawa moja hujibu: aliongeza dozi. Baadhi walipewa gramu nzima kwa mkupuo. Waliopewa kiwango hicho walilalamika maumivu na kizunguzungu, halafu kuona kukafifia. Wagonjwa 22 wakapofuka na hawakuona tena, kwani arseniki ilikuwa imeharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Hapo ndipo Koch aliporudi kwenye dozi ndogo.

Historia imelihifadhi jina la daktari. Watu hao 22 wanajulikana kwa idadi tu. Walikuwa raia wa makoloni, waliokuja kutafuta uponyaji, katika zama ambazo mgonjwa wa Kiafrika hakuulizwa kama anaridhia kuongezewa dozi ambayo haijapimwa usalama wake. Ni kweli kwamba malale bila tiba yalikuwa hukumu ya kifo, na Koch hakuwa na dawa nyingine mkononi. Lakini ni kweli pia kwamba aliendelea kuisifia Atoxyl baada ya kujua udhaifu wake, kama alivyowahi kufanya kwa tuberkulini miaka 16 kabla.

Kigarama, kambi ya Kiziba

Wakati Koch akiwa Ssese, malale yalionekana pia upande wa Wajerumani. Huko Kiziba, uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wa waliougua ni wanaume waliokuwa wamevuka mpaka kwenda Uganda kufanya kazi, hasa ya kugema mpira wa porini, wakarudi nyumbani na ugonjwa damuni. Mwaka 1907 kambi ya matibabu ilifunguliwa Kigarama na kuwekwa chini ya Dk. Kudicke. Kambi nyingine iliwekwa Shirati, upande wa mashariki wa ziwa, ambako Dk. Kleine alifanya kazi.

Kiziba ilikuwa chini ya Omukama Mutahangarwa, na madaktari walihitaji ushirikiano wake na wa machifu wadogo ili kupata wagonjwa. Wasaidizi wenyeji walifundishwa kupapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, wakizunguka kijiji hadi kijiji. Aliyekutwa na tezi alipelekwa kambini, akachomwa sindano kuchukua majimaji, na majimaji yakatazamwa katika hadubini.

Mwanzoni watu walikuja kwa hiari. Walikuwa wameshaona maradhi mengi na walikuwa tayari kujaribu tiba mpya, kama walivyowahi kuhama nyumba zao ili kuikimbia rubwunga. Lakini watu wa Kiziba walikuwa na macho ya kuona na hesabu za kupiga. Matibabu yalichukua miezi, yakamwondoa mtu katika kibanja chake na familia yake, sindano ziliuma, na waliotibiwa walirudi kuugua au kufa. Taratibu mahudhurio yakapungua, na baadhi wakaanza kuwakwepa wapapasa shingo. Katika kumbukumbu za kikoloni tabia hiyo ilitazamwa kama ukaidi. Ukiitazama leo, ilikuwa tathmini sahihi ya dawa.

Hatua nyingine zilizopendekezwa na Koch zilihusu mazingira. Aliamini kwamba mamba ni chanzo kikuu cha damu kwa mbung'o wa mwambao, hivyo akataka wapunguzwe, na vichaka vya kando ya ziwa vifyekwe katika vivuko na sehemu za kuchota maji. Upande wa Uganda, serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha watu wote kutoka mwambao na baadaye kutoka Ssese kwenyewe.

Koch aliondoka Afrika mwishoni mwa mwaka 1907 na hakurudi tena. Mwaka 1908 alizuru Marekani na Japani, akapokewa kwa heshima kubwa. Alifariki dunia kwa maradhi ya moyo Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi inayobeba jina lake.

Ukuta asioujua

Kwa nini Atoxyl ilisafisha damu na kumwacha mgonjwa afe? Jibu lilikuwa karibu na Koch kuliko alivyodhani. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, ambaye baadaye alifanya kazi katika taasisi ya Koch, aliwachoma wanyama sindano za rangi na kuona kwamba viungo vyao vyote vilibadilika rangi isipokuwa ubongo. Miaka mingi baadaye ilieleweka kwamba mishipa midogo ya damu ya ubongo imefumwa kwa chembechembe zilizobanana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo kwenye damu haviwezi kupenya. Ni ukuta wa ulinzi.

Katika hatua ya pili ya malale, tripanosoma huwa zimeshaingia nyuma ya ukuta huo. Atoxyl haikuweza kuvuka kwa kiasi cha kutosha. Kuongeza dozi kulikuwa sawa na kumwaga maji mengi zaidi nje ya nyumba inayoungua ndani: yaliyofurika yaliharibu kilichokuwa karibu, na moto ukaendelea.

Ehrlich alilichukua tatizo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 1907, akiwa na kemia Alfred Bertheim, alibainisha umbile halisi la Atoxyl, kisha akaanza kulibadili kipande kwa kipande, akitafuta dawa itakayompiga adui peke yake kama risasi yenye shabaha. Kiambato cha 606, ambacho uwezo wake uligunduliwa mwaka 1909 na Sahachiro Hata katika maabara yake, kiliingia sokoni mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan, kikawa tiba ya kwanza ya kuaminika ya kaswende. Dawa iliyopofusha watu Ssese ilikuwa imezaa tiba ya kisasa ya kemikali, lakini malale yalibaki.

Dawa yenye arseniki iliyoweza kuvuka ukuta wa ubongo, melarsoprol, ilipatikana mwaka 1949. Ilikuwa ikiyeyushwa katika kimiminika kikali kilichounguza mishipa ya damu, na takriban wagonjwa watano kati ya kila 100 waliotibiwa kwayo walikufa kwa madhara yake. Kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo.

Vijifuko vya kubeba dawa

Ni katika miaka ya 1960 ambapo wazo tofauti lilianza kuchukua sura. Mwingereza Alec Bangham alionyesha kwamba mafuta fulani yaliyomo katika kuta za chembe hai, yakichanganywa na maji, hujipanga yenyewe na kuwa vijifuko vyenye maji ndani. Vikaitwa liposomu. Watafiti wakajiuliza: kama kijifuko kinaweza kufunga maji, kwa nini kisifunge dawa?

Tatizo la liposomu ni gharama, na mafuta yake huharibika kwa urahisi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya vipodozi ya L'Oréal, Ufaransa, walitengeneza vijifuko vya namna hiyo kwa viambato vya jamii ya sabuni visivyo na chaji ya umeme. Vikaitwa niosomu. Kila chembe ya kiambato hicho ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikitiwa majini pamoja na kolesteroli ya kuimarisha ukuta, na kupashwa moto na kutikiswa, mikia hujificha ndani ya ukuta wenye tabaka mbili na vichwa hubaki vikitazama maji. Dawa inayoyeyuka katika maji hukaa katikati ya kijifuko. Inayoyeyuka katika mafuta hukaa ndani ya ukuta wenyewe. Ukubwa wake huanzia makumi ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Jaribio moja la awali linagusa moja kwa moja kisa cha Koch. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, waliweka ndani ya niosomu dawa ya kala-azar yenye antimoni, madini ambayo kikemia ni ndugu wa arseniki. Walipowapa panya wa maabara, dawa hiyo iliua vimelea vingi zaidi kuliko kiasi kilekile kilichotolewa bila vijifuko. Sababu inaeleweka: chembe za ini na wengu ambazo kazi yake ni kumeza takataka za damuni huvimeza vijifuko pia, na ndani ya chembe hizohizo ndimo vimelea vya kala-azar huishi. Adui anapelekewa sumu nyumbani kwake, na viungo vingine vinaepushwa.

Kwa upande wa liposomu, mafanikio yameshatoka maabara. Amfoterisini B iliyofungwa katika liposomu imeokoa wagonjwa wa kala-azar Asia na Afrika Mashariki, ikiwa na madhara madogo kwa figo kuliko dawa hiyohiyo ikiwa tupu.

Niosomu bado zina safari. Huvuja, hushikana zikihifadhiwa muda mrefu, na kuzitengeneza kwa wingi zikiwa na ukubwa unaolingana ni kazi. Ubongo ni mtihani mgumu zaidi kuliko ini, kwa kuwa kijifuko kitupu hakivuki ukuta wake. Watafiti hukibandika alama juu ya ganda ili kitambuliwe na kupitishwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ingali katika maabara. Malale yenyewe yamepata nafuu kwa njia nyingine: kidonge cha fexinidazole, ambacho huvuka ukuta wa ubongo bila msaada, kiliidhinishwa na wataalamu wa Ulaya mwaka 2018 kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati, na mwishoni mwa mwaka 2023 kwa aina ya Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani kwa mwaka ni chini ya 1,000.

Somo lililobaki Kagera

Kusini mwa Bukoba, katika Wilaya ya Muleba, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya ufalme wa Ihangiro, kanuni hiyohiyo ya kufikisha kemikali mahali sahihi kwa wakati sahihi imepimwa kwa namna nyingine. Kuanzia mwaka 2014, watafiti wa Tanzania na Uingereza walilinganisha vyandarua vya kawaida vyenye dawa na vile vilivyoongezwa kiambato kinachovunja usugu wa mbu. Kemikali hizo hufungwa ndani ya nyuzi za chandarua na kutoka taratibu. Watoto wa vijiji vilivyopata vyandarua vipya walionekana kuwa na maambukizi machache ya malaria, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo vitumike penye usugu wa aina hiyo. Matokeo kamili ya Muleba yalichapishwa mwaka 2018.

Tofauti kati ya Muleba ya karne hii na Ssese ya mwaka 1906 haiko katika kemikali tu. Muleba kulikuwa na kundi la kulinganishia, ridhaa ya wazazi na kamati za maadili. Ssese kulikuwa na daktari mmoja mwenye jina kubwa, dawa moja, na wagonjwa wasio na mtu wa kuwasemea.

Koch aliufundisha ulimwengu namna ya kumtambua adui. Kifua kikuu, kipindupindu na kimeta vinatibika leo kwa sababu yeye aliketi peke yake Wollstein akitazama damu ya kondoo. Lakini kumtambua adui na kumfikia ni mambo mawili tofauti. La kwanza lilimpa Nobel. La pili lilimshinda katika visiwa vinavyotazamana na Bukoba, na waliolipa gharama yake ni watu waliovuka ziwa kwa mitumbwi wakiamini wanakwenda kupona.